Limbwata la Thamostati

Fundi aliyeitoa thamostati ya gari letu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni ya wateja, na alisema maneno ambayo ukikaa gereji yoyote ya chini ya mwembe utayasikia kabla soda yako haijaisha: "Bosi, hiki kidude ni cha nchi za baridi. Huku kwetu na joto lote hili kinakuzibia maji bure." Akakichomoa, akakitupia kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akarudisha alivyovifungua, akalipwa. Baba Junior alirudi nyumbani amefurahi. Nikamwuliza gari lilikuwa na nini. Akasema lilikuwa na kitu kisichohitajika.

Hicho kitu kisichohitajika nusura kinivunjie heshima yangu yote ukweni, kwa hiyo naomba nikieleze taratibu.

Gari lenyewe ni Toyota IST, toleo lile la kwanza lililoanza kutoka mwaka 2002, injini ya 1NZ yenye sisi 1,497. Mkazi wa Dar es Salaam sina haja ya kumchorea. Letu lilishuka bandarini likiwa bado na Ujapani wake ndani. Redio ya FM inaanzia 76 na kuishia 90, maana ndiyo yaliyokuwa masafa ya kwao, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa tunazisikia kwa majirani tu. Ukiwasha gari, kuna mama wa Kijapani anazungumza kutoka kwenye dashibodi kwa adabu kubwa. Ilituchukua muda kujua kwamba anakumbusha tu kuwa kadi ya kulipia barabara za tozo haijachomekwa. Junior, ambaye amelelewa vizuri, alikuwa akimpa shikamoo kila asubuhi.

IST haina mshale wa joto. Ina taa mbili: ya bluu inayowaka injini ikiwa bado ya baridi, na nyekundu ambayo ukiiona unasimama hapo hapo na kuanza kusali. Bluu inatakiwa izime baada ya mwendo mfupi. Yetu, tangu fundi afanye kazi yake, iligoma kuzima. Sisi tunakaa Temboni, na tunatoka alfajiri kabla foleni haijajaa. Tulikuwa tunapita Kimara Mwisho bluu, Bucha bluu, Baruti bluu, mpaka tunaikaribia Ubungo ndipo inazima.

Mimi nisingeijali hata ingewaka kijani. Lakini Baba Junior ni mhasibu, na mhasibu akiona petroli inaisha Alhamisi badala ya Jumamosi hawezi kulala. Ana daftari la mafuta kwenye mfuko wa mlango. Akapiga hesabu, akarudia, kisha akaniuliza kwa ile sauti ya ukaguzi: "Mama Junior, gari unakwenda nalo wapi mchana?" Nataka ieleweke kwamba kabla ya kuishuku thamostati, alinishuku mimi. Siku hiyo tulikula kila mtu na kona yake.

Usiku huo ndipo aliposhika simu na kuanza kusoma. Akaangalia video za Wakenya, za Wahindi, na za Mrusi mmoja ambaye hatukuelewa hata neno lakini mikono yake ilieleweka. Saa saba usiku akaniamsha kuniomba radhi. Alikuwa amegundua kwamba thamostati haina uhusiano na nchi za baridi. Ni mlango. Injini ikiwa ya baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani kwa ndani ili ipate joto upesi. Ikishapata, mlango unafunguka na maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Ukiutoa mlango, maji yanapita rejeta muda wote, kompyuta inaona injini bado haijapata joto, basi inaendelea kuimwagia petroli ya asubuhi mpaka mchana. Oili nayo haipati joto la kukausha unyevu. "Tumedanganywa," akasema. Nikamwambia umedanganywa, mimi nimesingiziwa, zima taa.

Asubuhi akatangaza kwamba gari letu halitaonja tena mkono wa fundi. Atajifunza mwenyewe.

Mtu anayejifunza ufundi nyumbani hanunui vifaa vyote. Ananunua boksi la spana, vingine vyote anavichukua jikoni. Mswaki wangu wa zamani ukawa wa kusafishia plagi, na baada ya muda mfupi wa sasa ukawa wa zamani. Jagi la juisi likapimia oili, maana injini ile inakunywa lita 3.7 ukibadilisha na filta yake, na yeye hataki 3.6. Karai alilokuwa akiogeshewa mtoto likapokea oili chafu, na tangu siku hiyo mtoto anaoga kwenye ndoo. Kitu pekee nilichokataa ni tofali. Alitaka kuinua gari kwa jeki, aweke tofali la saruji, aingie chini. Nikamwambia tofali la saruji likipasuka halitoi taarifa, anunue stendi za chuma au anunue bima ya maisha na aniandike mimi. Akanunua stendi. Hapo simdai sifa mtu.

Nilidhani kazi yangu ingekuwa kutazama kwa mbali, mpaka tulipofika kwenye breki. Hakuna kazi inayopima ndoa kama kutoa hewa kwenye breki, na nashangaa wachungaji hawaitumii kwenye mafundisho ya wachumba. Mmoja anakaa kwenye usukani, mwingine analala pembeni ya gurudumu na spana na kampira kanakoingia kwenye chupa. Wa juu anakanyaga pedali na kushikilia. Wa chini anafungua skrubu ndogo ya kutolea hewa, mafuta yanatoka na mapovu yake, pedali inazama. Wa chini anafunga, ndipo wa juu anaachia. Ukiachia kabla hajafunga, hewa inarudi ndani na mnaanza upya. "Kanyaga. Shikilia. Achia." "Kanyaga. Shikilia. Mbona umeachia?" "Si umesema achia?" "Nimesema nitakwambia uachie!" Tukazunguka magurudumu yote manne hivyo, jirani yetu amesimama ukutani na kikombe cha chai. Mafuta ya breki yalimwagika kwenye bodi juu ya gurudumu la mbele. Akayafuta kesho yake, yakaja na rangi. Yale mafuta hula rangi ya gari, na hufyonza unyevu wa hewani, ndiyo maana kopo likishafunguliwa halikai. Hayo nimeyajua bila kuyataka.

Akawa anaota nayo. Usiku wa manane mwanamume amelala chali, macho yamefumbwa, anasema polepole: "Shikilia... shikilia... achia."

Basi katikati ya mambo hayo mama mkwe akaja kutoka Korogwe na kapu lake la machungwa. Korogwe ya Tanga, si kituo cha Kimara.

Mama mkwe wangu ni mtu wa kanisa na ananipenda, lakini ni mama mzazi wa mtoto wa kiume, na mama wa namna hiyo akifika kwa mwanawe hupiga hesabu kimya kimya. Alichokikuta hakikumpendeza. Mwanawe, ambaye zamani Jumamosi haonekani, yuko nyumbani toka asubuhi mpaka jioni. Kijiweni haendi. Simba na Yanga zinacheza, yeye yuko chini ya gari, tochi mdomoni. Mezani anaangalia ukuta, ukimsemesha anashtuka. Nikimwita "Baba Junior" mara moja tu, anakuja. Jioni anatoka uani na mikono myeusi, anaomba sukari na mafuta ya kula, anavisugua viganjani huku ananong'ona. (Alikuwa anahesabu sekunde. Sukari na mafuta hung'oa grisi kuliko sabuni, jaribu.) Na usiku, kwa kuwa chumba cha wageni kinapakana na chetu, mama mkwe akasikia kwa masikio yake mwanawe akisema usingizini, "Shikilia... achia," kwa sauti ya mtu anayeomba huruma.

Mimi sikujua kitu. Nilimwona tu mama ameanza kujipakulia chakula mwenyewe, moja kwa moja jikoni, kabla sijagusa sahani yake.

Baba Junior alikuwa ameshanunua thamostati mpya mjini. Kwa kuwa spea za bandia ni nyingi, hakutaka kuifunga kabla ya kuijaribu, na jaribio lake ni moja duniani kote: unaining'iniza ndani ya maji, unachemsha, unatazama kama inafunguka. Kwa hiyo Jumamosi hiyo akachukua sufuria yangu ya uji, akaomba uzi. Kwenye kopo langu la ushonaji uliobaki ulikuwa mwekundu. Akaifunga, akaitumbukiza, uzi akaupitisha kwenye mwiko uliolazwa juu ya sufuria, akawasha gesi, kisha akapigiwa simu na bosi wake akatoka nje.

Mama mkwe akaingia jikoni kutafuta kijiko.

Hebu vaa macho yake. Jikoni kwa mkwe wako kuna sufuria inachemka bila chakula. Ndani kunaelea kidude cha shaba na springi, kimefungwa uzi mwekundu. Akauvuta uzi taratibu, akakitoa, akakigeuza mwangani. Pembeni, kwenye bati la duara, kimechongwa namba: 82.

Mwanawe amezaliwa mwaka 1982.

Hakupiga kelele. Akakirudisha majini, akatoka, akaenda kwenye mgomba nyuma ya nyumba na simu yake. Kufikia saa moja usiku wifi yangu wa Mbagala alikuwa na habari kamili, shangazi wa mume wangu alikuwa nayo na nyongeza yake, na shemeji, kaka mkubwa, alikuwa amempigia Baba Junior kumwambia Jumapili baada ya ibada kuna kikao na kinafanyika kwetu. Baba Junior hakuuliza cha nini. Alisema vizuri, watanisaidia kushika taa.

Jumapili wakafika na nguo zao za kanisani. Nikawapa shikamoo wanaostahili, wakaniitikia bila kunitazama. Soda hakuna aliyegusa. Shemeji akaanza mbali sana, kwenye umoja wa familia, akapita kwenye marehemu baba yao, akateremka polepole hadi kwenye mambo ya siku hizi, jinsi mtu anavyoweza kuwa na mapenzi mazuri tu kwa mumewe lakini akashauriwa vibaya na mashoga. Mimi bado natafuta ni shoga gani. Shangazi, ambaye hana subira ya mafumbo, akasema: "Mama Junior, tunauliza kwa upendo. Hilo limbwata umelipata wapi?"

Sikupata jibu haraka, na kwenye kikao cha ukweni kunyamaza ni kukiri. Wifi akaanza kutikisa kichwa. Mama mkwe akaeleza: sufuria, shaba, uzi mwekundu, namba. Aliposema namba, shangazi akasema "Mungu wangu" na kusogeza soda mbali zaidi.

Baba Junior alikuwa ameinama. Nikadhani aibu. Kumbe alikuwa anatafuta mfukoni. Akaitoa, akaiweka mezani katikati ya chupa. "Hii?"

Wakarudi nyuma wote na viti vyao.

Sijawahi kumwona mume wangu akiongea vile, hata siku ya posa. Akawapeleka jikoni, wote, na magauni yao. Akaning'iniza tena. Akawaambia 82 si mwaka, ni nyuzi joto. Kiwandani wameichonga hapo ili ujue inaanza kufunguka lini, na ikifika 95 iwe wazi kabisa. Ndani ya kile kikopo cha shaba kuna nta. Nta ikiyeyuka inatanuka, inasukuma pini, mlango unafunguka. Ikipoa inasinyaa, springi inaufunga. Hakuna umeme, hakuna waya, hakuna mtu.

Maji yakaanza kutoa vipovu vidogo vinavyoshika ukuta wa sufuria. Wote tumeinama, mvuke unatulowesha nyusoni, hakuna anayepumua. Mwanzoni ile sahani ya katikati ilikuwa imekaa kimya kwenye tundu lake. Halafu pembeni yake pakatokea ufa mwembamba, wa kupitisha ukucha, ukaanza kupanuka bila haraka, sahani ikishuka wima, springi ikijikunja, mpaka ukaona chini ya sufuria kupitia tundu. Baba Junior akaivuta nje na uzi wake. Ikabaki hewani inadondosha maji, na mbele ya macho yetu ikajifunga yenyewe.

"Rudia," akasema mama mkwe.

Akarudia. Akarudia tena. Mara ya mwisho mama mkwe ndiye aliyeshika uzi.

Msamaha uliombwa, ingawa shangazi aliuomba kwa kunisifia pilau ambalo nilikuwa sijalipika. Nimeupokea. Nimeuweka mahali ninapoweza kuupata haraka siku ya haja.

Kwa kuwa wasaidizi walikuwa wamejaa, Baba Junior akaamua kuifunga siku hiyo hiyo. Kwenye injini ya 1NZ thamostati imejificha nyuma ya altaneta, kwa hiyo unaanza na kulegeza mkanda na kushusha altaneta. Kabla ya hapo unachomoa waya hasi wa betri. Hilo anajua, ameliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Lakini mtu akishatazamwa na ukoo mzima anataka kuonekana fundi. Spana ya 12 ikagusa waya mnene wa altaneta upande mmoja na chuma cha injini upande wa pili. Cheche ikaruka, kuku wakatawanyika, shemeji akajikuta yupo getini. Fyuzi kubwa ikaungua. Gari likafa kabisa. Hata mama wa Kijapani akanyamaza.

Jumapili alasiri duka gani la spea liko wazi? Ikabidi apigiwe mtu mmoja tu, na Baba Junior akapiga kwa sauti ya chini sana, amewapa mgongo. Fundi akaja na pikipiki na fyuzi mfukoni. Alipoiona thamostati juu ya bampa akacheka. "Bosi, unaturudishia haya mambo? Si nilikwambia hii ni ya nchi za—"

"Kijana," akasema mama mkwe, "hujambo? Nifuate jikoni."

Walikaa humo muda wa sufuria kuchemka. Fundi alipotoka hakusema kitu. Akavua saa, akamshikia Baba Junior taa, na ni yeye aliyemwambia kile kipini kidogo cha pembeni kielekee juu ili hewa ipate pa kutokea. Wakajaza kulanti nyekundu badala ya maji ya bomba yanayoacha chumvi na kutu, wakaacha mfuniko wa rejeta wazi toka injini ikiwa ya baridi, wakawasha, wakawa wanaongeza kila mapovu yanapotoka, hadi feni ilipojiwasha yenyewe. Wanaume wanne wakipigia feni makofi. Fundi alikula pilau na hakudai hela, isipokuwa ya fyuzi.

Jumatatu alfajiri taa ya bluu ilizima kabla ya Kimara Mwisho. Baba Junior aliandika muda kwenye daftari, akanionyesha, nikamwambia aandike na jina langu kwamba nilikuwa nyumbani mchana wote.

Mama mkwe alipanda basi la Korogwe stendi ya Mbezi siku chache baadaye, akiwa ameomba apewe ile sufuria. Nilimpa. Mchana akapiga simu: basi limechemsha, wako pembeni ya barabara maeneo ya Mkata, abiria wote chini ya miti. "Nimemwuliza konda kama wametoa thamostati. Hana majibu. Mpe mwanangu aongee na dereva." Baba Junior akatoka na simu yangu mpaka uani, nikamsikia akimwambia dereva asiguse mfuniko wa rejeta maji yakiwa ya moto, na wakati fulani akasema "Shikamoo" kwa mtu ambaye sikumjua.

Usiku mama akatoa taarifa kwamba wamefika salama. Ulikuwa mkanda wa feni umekatika, wakafunga mwingine.

"Kwa hiyo haikuwa thamostati, Mama," nikamwambia.

"Huo mkanda ulikatika kwa sababu gani?" akauliza. "Nimemwambia dereva siku akipita tena ashuke kwangu. Sufuria ninayo."